Sauti ya Uluguru Isikike Bagamoyo

Mwaka 2016, mjini Paris, Ufaransa, jumba la sanaa la Fondation Cartier lilifungua onyesho la aina yake. Mmarekani Bernie Krause, mwenye hazina ya zaidi ya saa 5,000 za sauti za misitu na nyika, aliziachia sauti hizo zisikike katika chumba cha giza. Wasanii wa United Visual Artists wa London wakazigeuza kuwa michirizi ya mwanga ukutani. Zilikuwamo sauti za Zimbabwe na za Jamhuri ya Afrika ya Kati. Za Uluguru hazikuwamo.

Ndugu msomaji, Uluguru ina ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano, ambaye hapatikani penginepo duniani. Hukaa vileleni mwa miti, hata watafiti humtambua kwa mlio zaidi kuliko kwa macho. Mto Ruvu nao huchimbuka milimani humo, huwanywesha wakazi wa Dar es Salaam, kisha huingia baharini karibu na Bagamoyo, ilipo Taasisi yetu ya Sanaa na Utamaduni. Morogoro, chini ya milima, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chanzoni wako wataalamu wa misitu, mlangoni mwa mto wako wasanii. Kwa nini wasikutane?

Wajenge chumba ambamo sauti na taa zitamfuata mtazamaji. Akitulia, ndege walie na mwanga uenee; akiugusa mti wa mfano kwa panga, mlio mmoja uzimike na mto wa ukutani ugeuke tope.

Wapo watakaouliza: mabomba makavu, nanyi mwataka taa za rangi? Swali ni halali. Lakini tukumbuke 1955. Mkoloni aliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuuokoa udongo. Hoja ilikuwa na ukweli ndani yake. Amri ilijaa dharau. Ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Mwaka 2008 sisi wenyewe tuliitangaza misitu hiyo kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Mpaka tumeuweka, kumshawishi jirani wa mpaka ni kazi nyingine, na matangazo ya ubaoni hayaiwezi.

Kwa hiyo wakulima wa Kinole na Mgeta waalikwe kabla ya waya wa kwanza kufungwa. Mzee aliyezaliwa huko anajua milio gani imenyamaza tangu utoto wake, jambo ambalo chombo cha kunasia sauti hakiwezi kutuambia. Waingie bure. Mnywaji wa Dar es Salaam alipe kiingilio.