Kiinua Mgongo na Mgongo Uliokwisha Vunjika

Ndugu msomaji, huenda nawe ni mmoja wa wale wasemao, "Ngoja nistaafu." Ngoja nistaafu nipate kukaa na wanangu. Ngoja nistaafu niende Hija. Ngoja nistaafu nimtazame mama, nilipande lile shamba la mwembe mmoja, nipatane na ndugu yangu tuliyegombana kwa ajili ya ukuta. Kila wajibu unaotuchosha leo twautia ndani ya neno hilo na kuufungia kama nguo za sikukuu sandukuni. Na ufunguo tumempa nani? Tumempa karani wa pensheni.

Mimi nasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: desturi hii ya kuukata umri mapande mawili, miaka thelathini na mitano ya kutafuta, kisha miaka michache ya kuishi, ni hesabu mbovu. Tena si hesabu ya wazee wetu. Ina mahala ilikotoka, na ni vyema ukajua.

Mwaka 1889, katika nchi ya Ujerumani, Chansela Bismarck alipitisha sheria ya kuwalipa pensheni wafanyakazi waliozeeka. Umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na haukuteremshwa kuwa 65 mpaka mwaka 1916. Waingereza nao walitunga sheria yao mwaka 1908, wakaanza kulipa Januari 1909, nao pia kwa mtu wa miaka 70. Wafanyakazi wa viwandani wa zama zile waliofika umri huo walikuwa wachache. Na Bismarck mwenyewe je? Sheria ilipopita alikuwa na miaka 74, yuko kitini, na hana habari ya kupumzika. Alitoka mwaka 1890 kwa kuwa Kaizari Wilhelm II hakumtaka tena, wala si kwa kuwa alichoka.

Usinielewe vibaya. Kumpa chakula mzee ambaye mikono yake haiwezi tena kushika nyundo ni jambo jema, na anayelipinga hana imani moyoni. Ninalolipinga ni hili: chombo kilichofanywa ili mzee asiombe barabarani, sisi tumekifanya kuwa ndiyo bandari ya maisha yote. Sheria za kwetu nazo zina tarehe zake. Tanzania mtumishi aweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Kenya ilikuwa 55, na tangu mwaka 2009 ni 60 kwa watumishi wa Serikali. Hizo ni tarehe za mwajiri, ambaye anataka kiti chake akalie mwengine. Kwa jambo hilo hana kosa. Lakini nani aliyekwambia kuwa siku ya kurudisha ufunguo wa ofisi ndiyo siku ya kuanza kuwa baba?

Hata neno lenyewe latufundisha. Kustaafu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa katika kazi uliyopewa. Mtu huachiliwa cheo. Haachiliwi ujirani, wala ubaba, wala Uislamu wake. Na aliyekiita kile kifungu cha fedha "kiinua mgongo" alikuwa na akili sana, kwani alijua kwamba mgongo ulikwisha inamishwa. Seuze ukiwa umevunjika kabisa!

Watazame watu wa pwani ambao hawajapata kuandikiwa barua ya ajira. Fundi wa majahazi akizeeka hanyanyui tena mbao. Huketi kivulini akamtazama kijana apigaye kalafati, na kijana akikosea husikia kikohozi. Mvuvi mzee hatoki nje ya mwamba, lakini nyavu nani azishonaye, na ni nani ajuaye bamvua litaingia lini? Wao hupunguza kazi kama mtu apunguzavyo utambi, hawauzimi. Na mama yako? Hebu nitajie siku aliyopewa barua ya kustaafu.

Nitakuelezea habari ya ami yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa karani katika ofisi moja kwa miaka thelathini na mitatu, mtu wa saa, asiyechelewa wala kukosa. Kila mwaka alikuwa akimwambia mkewe kwamba wakishapata kiinua mgongo watakwenda Makka pamoja. Mkewe alikuwa fundi wa vitumbua. Kila asubuhi alitoa senti kidogo katika alichouza akazitia katika mkebe wa maziwa kwa ajili ya safari hiyo, na kila ada za shule zilipofika mkebe ulifunguliwa, akaanza upya. Ami hakuwa bahili. Alikuwa akiamini tu kwamba fedha kubwa iko mbele, basi hizi ndogo za nini? Likizo zake aliziuza kwa mwajiri. Watoto walimjua kwa mlio wa baiskeli jioni.

Mkewe alifariki miaka miwili kabla ya ami kustaafu. Alikuwa akiumwa na moyo, na kwenda kwa daktari mkubwa kuliahirishwa mara kwa mara, kwani hilo nalo lilikuwa limewekwa katika "ngoja." Kisha fedha zikaja, baada ya miezi kumi na minne ya kuambiwa kuwa faili halionekani. Alizipokea, akazitazama, wala hakujua azifanye nini. Akanunua gari kuukuu la kubeba mizigo, akampa mpwa wake aliendeshe. Gari likafa kabla ya mwaka. Nyingine zikaenda katika harusi, nyingine katika mikopo ya watu ambao mpaka leo hawajaonekana. Walakini hakufa kwa njaa. Nyumba ilikuwa yake na wanawe walimlisha. Nilichokiona mimi kila asubuhi ni mzee amevaa suruali yake ya kazini, ameketi barazani saa moja unusu, anatazama njia. Hakuwa na ustadi wa mkono, hakuwa na rafiki ila wa ofisini, na watoto wake hakuwa na la kuzungumza nao. Alikaa hivyo miaka mitatu. Makka hakwenda, alisema hawezi kwenda peke yake mahala walipoahidiana wawili.

Basi ninaposikia makelele ya kikokotoo, humkumbuka ami. Wasomaji wa Tanzania wanayajua mambo haya. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF, na kanuni mpya ikataka malipo ya mkupuo yawe asilimia 25 ilhali wengi walikuwa wakitarajia 50. Watu wakalia, na walikuwa na haki ya kulia, kwani ahadi waliyofanyia kazi ndiyo iliyobadilishwa. Rais Magufuli akaisimamisha kanuni hiyo Desemba ya mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa wale walioshushwa kutoka 50 hadi 33. Maneno yote hayo yalikuwa ya kiasi gani. Sikusikia, si redioni wala msikitini, mtu aliyeuliza za nini. Naye asiyejua za nini, ukimpa nusu atapoteza nusu, ukimpa robo atapoteza robo. Hata huo mkupuo tunaoulilia una maadui wengi: mwaka 2009, Serikali ya Tanzania ilipoufunga ule mchezo wa DECI wa "kupanda na kuvuna," waliopanda na wasivune walikuwa watu wengi mno.

Ama malipo ya kila mwezi nayo yataka macho. Chukua shilingi laki moja isiyoongezwa. Bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, baada ya miaka 14 laki hiyo hununua kile ambacho leo hununuliwa kwa elfu hamsini. Mtu anayestaafu ana miaka 60 atakuwa na 74, na dawa za mzee wa miaka 74 si za mtu wa 60.

Na hawa ni wenye bahati. Wengi wetu, mchuuzi, mkulima, mama lishe, kijana wa bodaboda, hawamo katika mfuko wowote. Zanzibar tangu Aprili 2016 humlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70, na ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya imekuwa ikiwapa wazee wa 70 shilingi 2,000 za kule kwa mwezi. Ni kidogo, ndiyo. Lakini bibi mwenye kidogo chake hasubiri mkwewe aamke ndipo anywe chai.

Najua kuna watakaosimama na kusema, "Wewe wataka tupange? Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu!" Naam, ni Yeye. Lakini Nabii Yusuf huko Misri alifanya nini? Hakuwaambia watu wakae wakingoja miaka ya njaa ije. Aliwaamuru walime miaka saba, na wayaache mavuno katika masuke yake ila kidogo cha kula. Angalia hapo, "cha kula." Hata katika miaka ya kuweka akiba watu walikula. Na akiba yenyewe ilikuwa na mwaka wake na vinywa vyake vinavyojulikana. Haikuwa lundo la kujivunia.

Upande wa pili yuko yule bwana mwenye mkoba, muuza bima na mpangaji wa fedha, ambaye hukuzidishia mshahara wako mara kadhaa kisha akakutisha kwa idadi ya mamilioni. Huyu hupiga hesabu yako yote asikuulize hata mara moja kama mama yu hai. Kwake yeye mtu ni mfuko unaotembea. Huyu humwogopa zaidi kuliko yule wa kwanza, kwa sababu yule wa kwanza akipatwa na njaa atazinduka.

Kuna watu waliolianza jambo hili kwa upande ulio sawa. Huko Malaya, wanavijiji Waislamu walikuwa wakificha fedha zao majumbani kwa kuogopa riba ya benki, kisha wakauza mashamba na mifugo ili waende Hija, wakarudi mahujaji lakini mafakiri. Mwaka 1959 mwalimu wa uchumi, Ungku Aziz, aliandika shauri la kuwa na mfuko usio na riba wa kuwekea nauli kidogo kidogo. Mwaka 1963 mfuko ukaanza na watu 1,281 tu, na dola za Malaya 46,600. Leo ndio Tabung Haji, na walioweka fedha zao humo huhesabiwa kwa mamilioni. Makosa yake ya uendeshaji yamekuwapo, sikatai. Lakini tazama mpango: kwanza lilikuja jambo, ndipo zikaja fedha za kulitimiza. Sisi twakusanya kwanza, kisha tukiwa tumechoka twauliza, "Sasa nifanye nini?"

(Mtaniuliza habari ya riba iliyomo katika mifuko yetu wenyewe. Hilo ni kubwa, lataka ukurasa wake, nami sitalifinyanga hapa.)

Basi twaa karatasi, usiandike tarakimu. Andika majina. Nani anakutegemea, nani unamdai, nani anakudai, na nani ambaye ukifa Ijumaa hii atabaki na neno uliloahidi kumwambia. Kisha ndiyo uliza kila jina lina bei gani. Utashangaa! Mengi hayana bei. Kukaa na mama baada ya alasiri hakuna tozo. Mengine yataka fedha leo, wala si miaka kumi ijayo: moyo wa mkeo, paa linalovuja, jino. Mengine ndiyo ya kuwekewa akiba, na sasa utajua ni akiba ya kiasi gani, maana ina jina. Huenda ukaona waweza kupunguza mbio ukiwa na miaka 50, ukalima nusu siku. Huenda ukaona yakupasa kufanya kazi mpaka 70. Vyote viwili si aibu. Aibu ni kutokujua. Na kazi ya mkono ya uzeeni, ushonaji, kilimo, kufundisha watoto, kufuga nyuki, itafutwe mtu angali na miaka arubaini na mitano, ili siku ya barua ya kuagwa ikukute una pa kwenda asubuhi.

Jambo moja zaidi, nalo litawauma wenye majumba. Toeni mkiwa hai. Mtume (S.A.W.) alimzuia Saad bin Abi Waqqas asiusie zaidi ya thuluthi ili asiwaache warithi wakiombaomba. Sheria ya mirathi imekwisha gawa lililobaki, wala haingoji werevu wetu. Lakini kisima cha wakfu, ada ya yatima, chumba kimoja cha binti aliyeachwa, kwa nini vingoje maiti? Nimeona hati za nyumba zikikaa chini ya godoro miaka ishirini, kisha zikatoka siku ya tatu ya matanga na visu nyuma yake.

Mimi nina miaka hamsini na minane, na karatasi yangu nimeiandika juzi baada ya sala ya Isha. Jina la kwanza ni la dada yangu aliyeko Tanga, ambaye sijamwona mwaka wa tatu sasa kwa kisingizio cha kazi. Niliandika mbele yake bei: nauli ya basi, kwenda na kurudi, na kanga doti moja. Fedha zilikuwamo mfukoni mwa kanzu iliyokuwa ikining'inia mlangoni. Naondoka Alhamisi.