Mashine ya kutotolea vifaranga inunuliwe mwisho, si mwanzo



Siku hizi kila nikitoka Mbarara kurudi Nakivale, sifiki nyumbani bila mtu kunishika mkono: "Mwalimu, umeiona ile mashine ya mayai? Sasa ni bei gani?" Anayeuliza mara nyingi ni mama, na pesa anayoifikiria ni akiba aliyoiweka kwa kushona au kuuza mboga.

Naielewa haraka yake. Makazi yetu haya ya wilaya ya Isingiro yameanza tangu 1958, na watu wamezidi kuja huku ardhi ikibaki ileile. Tena tangu 2020 mgao wa WFP umepunguzwa mara kadhaa. Kila nyumba inatafuta kitu cha kuingiza shilingi bila kuhitaji shamba kubwa, na kuku ndiye wa kwanza kufikiriwa. Kufuga kuku sikupingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuanza na mashine. Kwa maoni yangu mashine ya kutotolea inunuliwe mwisho, na ikinunuliwa isiwe ya nyumba moja.

Nitawapeni kisa cha jirani yangu, naye ameniruhusu kukieleza. Alinunua mashine ya mayai 60 mjini. Mara ya kwanza akaijaza mayai ya trei kutoka dukani. Siku ya saba tukayamulika kwa tochi ya simu katika chumba chenye giza: yote meupe, hakuna hata mshipa mmoja wa damu. Mara ya pili akatafuta mayai ya kuku wenye jogoo. Siku ya 19 umeme ukakatika usiku kucha, na vifaranga 31 tu ndivyo vilivyotoka. Hata hivyo tukamshukuru Mungu. Lakini kabla ya miezi miwili kuisha mdondo ukapita mtaani, wakabaki sita.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Amepata hasara tatu, na mashine imehusika na moja tu. Ya kwanza ilitokea kabla yai halijaingia humo, na ya tatu baada ya kifaranga kutoka. Siku 21 ni za mashine. Zilizobaki zote ni zetu.

Tuanze na yai. Mayai ya trei yanayouzwa madukani kwa kawaida ni ya kuku wa mayai waliofungiwa bila jogoo. Yai la namna hiyo ni la kula, halina mbegu, na hata likikaa kwenye joto mwaka mzima halitatoa kifaranga. Wengine huweka mayai ya kuroiler wakitarajia watoto watakuwa kama mama yao. Kuroiler ni mchanganyiko uliotengenezwa, na watoto wake hawarithi sifa zile kwa ukamilifu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mashine, jiulize: nina jogoo mzuri na mitetea mingapi? Kama huna, mayai utanunua kwa nani, na ni mwaminifu kiasi gani? Muuzaji naye akumbuke kwamba kumwambia mtu "haya yana mbegu" huku anajua hana jogoo ni udanganyifu kama udanganyifu mwingine wowote.

Yai la kutotoa lisizidi siku saba hadi kumi tangu kutagwa. Lisioshwe. Liwekwe mahali pa baridi, ncha yake nyembamba ikielekea chini.

Sasa tuje kwenye moto. Mashine yenye feni hutaka nyuzijoto 37.5 mchana na usiku, na maji ya kutosha ili hewa isikauke, hasa siku tatu za mwisho. Mayai yageuzwe mpaka siku ya 18, kisha yaachwe. Kama mashine haigeuzi yenyewe, mkono wako ndio utakaogeuza, mara tatu au tano kwa siku. Nyumba zetu zina wakati uliokwisha kupangwa: geuza baada ya kila sala tano, hutasahau.

Tatizo ni umeme, na wengi husema, "Nitatumia sola." Haya, tupige hesabu pamoja. Chukua mashine ya wati 80 ambayo huwaka nusu ya muda. Kwa saa 24 itakula wati-saa 960. Betri ya volti 12 na amp-saa 70 ikijaa ina wati-saa 840, nayo ukiimaliza yote unaiua, basi tumia nusu: 420. Hiyo itakuvusha karibu usiku mmoja, haitafika siku nzima. Na siku za mvua je?

Umeme ukikatika, usifungue mashine kuchungulia. Ifunike blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Yai huvumilia kupoa kidogo kuliko kuunguzwa. Hata kuku mwenyewe huinuka kwenye kiota kula na kunywa, kisha hurudi. Ila hili nalisema kwa sauti ya juu: msiingize jiko la mkaa, yaani sigiri, chumbani mnamolala ili kuokoa mayai au kuwapasha vifaranga joto. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Mayai 60 si kitu mbele ya mtoto mmoja.

Yako wapi basi maisha ya kifaranga? Yako baada ya siku ya 21. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipungue kidogo kila wiki. Anataka chakula chenye nguvu, maji safi, sakafu kavu, na mlango usiopitisha panya wala paka. Anataka chanjo. Ya mdondo aina ya I-2 huvumilia joto kuliko zile za zamani, hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo mtu peke yake huona ghali, huahirisha, na mdondo haumsubiri.

Ndiyo maana nasema akiba ya kwanza iende kwenye banda na chanjo. Kutotoa tumwachie kwanza yule aliyeumbwa kwa kazi hiyo. Kuku wa kienyeji huatamia mayai 10 hadi 13, hataki waya wala betri, na vikitoka hulea mwenyewe. Wahenga walisema kuku havunji yai lake.

Mtaniambia, "Mwalimu, kuku mmoja ni vifaranga kumi tu!" Sawa, lakini wapo wanaofanya hivi: mtetea wa kwanza akianza kuatamia, mwekee mayai viza mawili matatu ya kumshikilia, huku mayai mazuri unayaandika tarehe kwa penseli na kuyahifadhi. Wa pili na wa tatu wakianza, siku hiyohiyo wawekeeni wote mayai mazuri jioni. Kuku watatu ni mayai 30 na zaidi, yote yataanguliwa pamoja na kuchanjwa pamoja. Hiyo ndiyo mashine ya maskini, na haikatiki umeme.

Ukifanikiwa hivyo mara mbili au tatu, ukawa na banda, jogoo na mazoea ya chanjo, hapo mashine ina maana. Hata hapo, ziungane nyumba nne au tano. Mashine ikae kwa yule mwenye umeme wa uhakika zaidi, hata kama ni ndugu aliyeko Mbarara, na vifaranga viletwe. Kifaranga akitoka hubaki na kiini tumboni kinachomtosha siku mbili hivi, na safari ya kutoka mjini ni ya saa chache tu. Huko Misri, karne nyingi kabla ya umeme, watu walitotoa maelfu ya mayai katika tanuri za matofali ya udongo. Fundi alipima joto kwa kugusisha yai kwenye ukope wa jicho lake. Wanakijiji walipeleka mayai yao kwake na kurudi na vifaranga. Tanuri ilikuwa ya wengi, na mlinzi wake alikuwa fundi asiyetoka hapo.

Wako watakaosema ushirika huleta ugomvi. Ni kweli, huleta, hasa pale watu wanapoaminiana kwa midomo tu. Sisi tumeamrishwa kuandikiana tunapokopeshana, basi tuandike: nani ameleta mayai mangapi, mangapi yalikuwa viza siku ya saba, vifaranga vingapi vimetoka, nani analipa umeme. Mayai yamulikwe mbele ya wenyewe. Daftari la shilingi elfu moja linaweza kuokoa ujirani wa miaka kumi.

Jirani yangu leo ana mitetea tisa na jogoo wawili, watoto wa wale sita waliobaki. Mashine yake iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Juzi nilimuuliza kama anaiuza. Akacheka, akasema, "Siiuzi mwalimu. Ilinitangulia tu. Sasa ndiyo nataka kuifikia."

Baba au mama unayesoma haya na pesa iko mkononi, usiende Mbarara kesho. Kesho jenga banda.