Mwindaji na Haki ya Mnyama

Karne ya 19, katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, bunduki ilikuwa mali ya thamani. Hata leo wenye vibali huwinda nyika za magharibi, isipokuwa mahali kama Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyoanzishwa mwaka 2019.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja. Basi afyatuaye kwa kubahatisha, mnyama akakimbia na jeraha akafie porini, amekosa nyama na amedhulumu kiumbe.

Kupiga kwa kusimama ni kugumu kuliko kwa kulala au kupiga goti. Mwindaji na apanue miguu kadiri ya mabega, akaze kitako cha bunduki begani, akaribishe kiwiko cha mkono wa mbele ubavuni, ashushe pumzi nusu, kisha abonyeze kifyatulio taratibu. Mti ukiwa karibu, auegemee. Na ajizoeze kwanza kwa ubao, si kwa mnyama.

Ndugu zetu, Bismillahi haiwi badala ya mazoezi. Mkono ukitetemeka, teremsheni bunduki. Huko nako ni huruma, na huruma haipotei mbele ya Allah.