Msimlaumu Kondoo wa Kienyeji

Mwandishi aliyewashauri wafugaji wa Masaki, Kisarawe, wauze kondoo wa kienyeji wanunue Dorper, kwa madai kwamba hula chochote na kunenepa upesi, ametazama mizani akasahau tumbo.

Dorper alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya nyika kavu. Pwani kuna unyevu, na unyevu huleta minyoo inayonyonya damu tumboni. Utafiti wa miaka ya 1990 huko Diani, Kenya, ulionyesha wanakondoo wa Dorper wakifa zaidi kuliko wale wekundu wa Kimaasai. Nadhani Diani iko karibu nasi kuliko Karoo, nyika kavu ya huko Afrika Kusini.

Halafu hilo la kula chochote! Mwanakondoo huzaliwa tumbo la kwanza likiwa changa. Maziwa hulipita yakaenda tumbo la nne. Majani laini na nafaka kidogo kidogo ndivyo vinavyolikuza. Mjazie mahindi yaliyoparazwa ghafla, tumbo litajaa asidi, awe mbegu yoyote. Maganda mabichi ya mihogo nayo yana sianidi, yaanikwe kwanza.

Mfugaji mwenzangu, kabla ya kununua dume la bei mbaya, panda malisho na ulishe vizuri majike wanaonyonyesha.