Siku Moja Shela, na Mama Kutoka Ishiara



Ndugu wasomaji, barua nyingi zinazotufikia kuhusu wazazi huwa ni za maradhi au za mirathi. Juma hili twataka kuandika juu ya jambo lililo jepesi zaidi, nalo ni kumtoa mzazi matembezini. Hatusemi Umra, wala hospitali, wala harusi ya jamaa. Twasema kutembea tu, kutoka asubuhi mpaka alasiri, kisha kurudi nyumbani. Wengi wetu twawapa wazazi chakula, dawa na fedha za matumizi, na hayo ni haki yao. Lakini ni lini mara ya mwisho mama yako alitoka nje ya mlango bila ya kuwa na shughuli?

Mama tunayemzungumzia ni mzazi wa upande wa mke katika nyumba yetu. Kwao ni Ishiara, Mbeere Kaskazini, katika kaunti ya Embu. Ni nchi ya joto na mawe, chini kabisa ya Mlima Kenya, mahali ambapo mawingu ya mlimani huonekana kwa macho lakini mvua yake haifiki. Watu hulima ndengu, kunde, mtama na maembe, na kila mvua ya msimu huhesabiwa. Mama si Mwislamu. Binti yake alisilimu miaka kumi na mitatu iliyopita, akaolewa huku, na katika miaka yote hiyo mama hakupata kufika pwani. Sisi ndio tuliokuwa tukienda kwake. Hakuwa amekataa kuja, ila kila mwaka palikuwa na sababu: ng'ombe, mavuno, goti. Tulijua kuwa nyuma ya goti palikuwa na neno jingine. Kwao waliwahi kumwambia kuwa mtoto akiingia Uislamu huwa amekatika, na mama hakutaka kuja kuona kwa macho yake kama kweli amekatika.

Mwaka huu alikuja. Na kabla hajafika, jirani mmoja mwenye nia njema alitushauri, "Alhamdulillahi, sasa mpate kumsilimisha." Tulimjibu kwa upole kuwa uongofu uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba sisi tumeamrishwa jambo lililo karibu zaidi. Katika Surat Luqman tumefundishwa kukaa na wazazi kwa wema duniani hata kama dini yao si yetu. Na Bi Asma binti Abubakar, Mungu amuwiye radhi, alipojiwa na mamake aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kuuliza afanye nini. Akaambiwa amuunge mamake. Jirani yetu alicheka akasema, basi mpeleke Shela akapunge upepo. Nasi tukaona ni shauri jema.

Safari ya kuja ilikuwa ndefu, Embu, Nairobi, Mombasa, kisha barabara ya Malindi. Lakini mama aliisimulia kwa jambo moja tu, daraja la Garsen. Aliuliza mto ule ni mto gani. Akaambiwa ni Tana. Akauliza tena, kwa kuwa hakuamini. Tana anayoijua yeye ni ile ya mabwawa, ya Kiambere na Masinga, na mto Thuci unaopita karibu na Ishiara humwaga maji yake humo humo. Hakuwahi kufikiri kuwa maji hayo yana mahali yanapokwenda. Tulipomwambia kwamba mto huo huingia baharini karibu na Kipini, na kwamba Kipini si mbali na kwetu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe huku mlikuwa mkinywa maji yangu." Ni mzaha, kwani sisi hatunywi maji ya Tana. Lakini tuliona kuwa tangu hapo alianza kusema "huku kwenu" kwa sauti nyingine.

Siku ya matembezi tulitoka Mokowe mapema, kabla jua halijapanda. Hapa pana jambo dogo ambalo wasomaji wenye wakwe wa bara watalielewa. Kwa desturi ya Wambeere, mkwe mwanamume na mama mkwe huwekeana heshima ya umbali. Hawakai bega kwa bega wala hawazoeani katika chakula. Sasa mashua ya abiria ya Mokowe haina umbali. Watu, magunia ya unga, kuku na mikoba hukaa mahali pamoja. Mama alikaa mbele, mkwe akaenda kujikunja nyuma karibu na injini, akala moshi njia nzima, na kila mmoja akajifanya anatazama mikoko. Abiria waliuliza kama wamegombana. Heshima za watu ni nyingi, na hii nasi twaiheshimu.

Hatukumchosha kwa mji. Mji wa kale wa Lamu, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, una vichochoro vya kupendeza, lakini pia una punda wasiompisha mtu na ngazi zisizo na huruma kwa goti bovu. Tulipita barabara ya ukutani, tukanywa kahawa tungu kwa halua, tukachukua boti jingine kwenda Shela. Wengine huenda kwa miguu, kama kilomita tatu kandokando ya maji. Ukiwa na mzee usijaribu kabla ya kujua saa ya maji kujaa, maana bahari ikijaa njia hufunikwa.

Shela, kwa asiyepajua, ni kijiji kidogo chenye nyumba kubwa. Msikiti wake wa Ijumaa, wenye mnara wa pia, ulijengwa mwaka 1829. Waliokikalia kwanza walitoka Takwa, kisiwa cha Manda, wakavuka mlango huu wa bahari. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, na tangu zama hizo wageni wenye mali wamekuwa wakinunua magofu na nyumba kuukuu za matumbawe, wakazirudishia zidaka na chokaa na boriti, wakaongeza ghorofa na makuti juu. Kazi yenyewe ni nzuri, na mafundi wa Lamu wamekula kwayo. Yapo majumba huko ambayo thamani yake sisi hatuna haja ya kuitaja mbele ya watoto.

Mama aliyatazama. Hakustaajabu kama tulivyotarajia. Aliuliza, "Na wenyewe wako wapi?" Tukamwambia, wengi wako Ulaya, huja majuma machache kwa mwaka. "Na mama zao, huja nao?" Hatukuwa na jibu. Akauliza nani hufagia nyumba ambayo haina mtu, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akajibu kuwa ni yeye, na kwamba nyumba anayoifagia iliuzwa na jamaa zake mwenyewe. Hakulalamika. Alisema fedha ziligawanywa kwa sharia, kila mrithi akapata fungu lake, na kila fungu likaisha kwa njia yake. Mama alimwuliza kama analipwa vizuri. Akasema analipwa.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mgeni wetu mwingine aliyepata kuliuliza. "Maji ya kunywa mwayatoa wapi?"

Tulimwongoza mpaka kwenye machuguu ya mchanga nyuma ya kijiji. Wageni hupanda machuguu yale kupiga picha za machweo. Kumbe hapo ndipo kilipo kisima cha mji. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na maji matamu hukaa chini juu ya maji ya chumvi, na visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukijenga juu ya mchanga, ukachimba mashimo ya vyoo na ukavuta maji kwa pampu kubwa, chumvi hupanda. Watu wa Shela wanalijua jambo hili vyema, kwa kuwa yasemekana Takwa yenyewe ilihamwa kwa sababu visima vyake viliingia chumvi, na hata leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba dua ya mvua. Hata hivyo viwanja vya kando ya machuguu vinatafutwa kwa bei ya juu, na twajua wapo wanaouza. Sisi twaona ni haki ya kila akina mama wa Lamu kuuliza kiwanja kinachouzwa kiko umbali gani na kisima, kabla ya kuuliza kimeuzwa kiasi gani.

Mama aliinama, goti na yote, akatia mkono mchangani mpaka kiwiko. Kwao, mito midogo ikikauka, wanawake huchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji. Alisema mchanga huu ni mtungi, na mtu hajengi nyumba juu ya mtungi wake.

Chakula cha mchana tulikaribishwa kwa shangazi yetu wa hapo hapo Shela. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, maembe. Shangazi hakumwuliza mgeni dini wala kabila. Alimwuliza kama mvua zimenyesha, na wote wawili wakaelewana kwa namna ambayo sisi wengine tulijiona watoto. Sinia lilipowekwa, mama alifumba macho kuomba kwa njia yake. Watoto walikuwa wamekwisha kunyosha mikono. Shangazi akawaambia, "Ngojeni, mgeni anamshukuru Mola." Wakangoja. Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikwenda kuswali, naye akabaki barazani na wanawake wa mtaa, na tuliporudi tulimkuta amefungwa leso mpya na anafundishwa kusuka ukili. Mkwe alikula chumba kingine, kwa raha zake.

Laiti siku ingeishia hapo, tungeandika juu ya samaki tu. Lakini tulirudi gatini Lamu kungoja mashua ya Mokowe, na gatini palikuwa na vijana. Walikuwa wamekaa kivulini, mashavu yamevimba, mifuko ya majani mikononi. Mmoja wao hakufika hata miaka ishirini. Mwanamke mmoja mwenye buibui alikuja na bakuli lililofunikwa, akachutama mbele yake, akamwomba ale. Alimwomba kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Kijana hakumtukana, hakuinua kichwa tu. Mwanamke akaliacha bakuli chini, akaondoka.

Mama alikwisha yatambua majani. "Hayo ni ya kwetu," akasema.

Naam, ni ya kwao. Muguka wa pwani hutoka Mbeere, na ukurasa huu umeandika mara kadhaa juu ya madhara yake kwa nyumba zetu. Wasomaji wanakumbuka mwezi Mei mwaka 2024, serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku, na wakulima wakaenda Mahakama Kuu ya Embu, ambayo iliamuru marufuku ya Mombasa na Kilifi isitekelezwe hadi kesi isikilizwe. Akina mama wa huku walilia. Akina mama wa kule nao walilia, na hili hatukulisoma popote, tulilisikia kwa simu. Shamba la ndengu likikauka, miti michache ya muguka ndiyo inayobaki na rangi ya kijani. Ada ya shule ya binti yake, ambaye ni mmoja wa wanaoandika maneno haya, ililipwa kwa majani hayo. Hatulisemi hili ili kuuhalalisha. Twaona kama tulivyoona siku zote kuwa ni sumu kwa vijana wetu, na kwamba serikali inayotaka kuuondoa haina budi kumwambia mkulima wa Ishiara atauza nini mahali pake, na kwa bei gani, na nani atakayemnunulia maembe yake kabla hayajaoza. Mpaka sasa twasikia zaidi habari za ushuru.

Mashuani mama alikaa mahali pale pale pa mbele. Hakusema neno mpaka tulipokaribia Mokowe. Kisha aliuliza kama yule mwanamke atarudi kulichukua bakuli lake. Tukasema bila shaka atarudi. Akasema bakuli lilikuwa zuri, la udongo wa kung'aa, na mtu anaweza kuliiba.

Alikaa nasi siku tisa zaidi. Alipoondoka alibeba halua, leso mbili, na chupa ndogo ya mchanga wa Shela ambayo watoto walimjazia. Wiki iliyopita alipiga simu. Ndengu zimetoka vizuri. Muguka hajaung'oa, wala sisi hatukumwomba aung'oe. Baada ya salamu za kila mtu, na za shangazi hasa, aliuliza kama tumepita tena gatini, na kama yule kijana tumemwona.