Wakili Si Mshirika wa Laghai

Pita sokoni Kianjai siku ambayo mtu ameshitakiwa kwa kulaghai mali ya wenziwe, nawe utasikia neno hili: "Mwenye kumtetea mwizi naye ni mwizi." Neno hili lapendeza masikioni kwa kuwa ni fupi, lakini si la kweli, tena lina hatari. Nataka ulikatae.

Tazama mfano huu. Mwezi wa Juni, mwaka 2014, Uingereza ilipiga marufuku miraa. Tuseme mfanyi biashara mmoja wa hapa alikuwa amechukua miraa ya majirani kwa ahadi ya kuwalipa itakapouzwa London. Soko likafungwa, miraa ikanyauka, malipo yakakosekana. Je, huyo ni laghai? Kifungu cha 312 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya chataka uongo juu ya jambo lililopita au lililopo, hali msemaji ajua kwamba si kweli. Ahadi iliyovunjika, peke yake, ni deni. Lakini kama alijua soko limekwisha kufungwa, naye akasema li wazi ili apate miraa ya watu, hapo amelaghai, na kifungu cha 313 chaweza kumtia gerezani hata miaka mitatu.

Nani atakayezipambanua hali hizi mbili? Hasira ya waliopoteza mali haiwezi. Hapana budi awepo mtu wa kuzisoma barua na stakabadhi, kuzilinganisha tarehe, na kuwauliza mashahidi maswali magumu. Hiyo ndiyo kazi ya wakili. Yeye haapi kwamba mteja wake ni mwema. Ashikilia tu kwamba mashtaka yathibitishwe. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, yampa kila mshitakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka hatia ithibitishwe, na haki ya kutetewa na wakili.

Utaniambia, "Mbona wako mawakili walaghai?" Wako, wala siwaonei huruma. Wakili alaye fedha za mteja huitwa mbele ya Baraza la Nidhamu la Mawakili, nalo laweza kumsimamisha kazi hata miaka mitano, au kulifuta jina lake katika orodha. Lakini hata huyo husikilizwa kwanza. Nami ni mwalimu: nikishitakiwa mbele ya Tume ya Huduma kwa Walimu, nitataka nisikilizwe kabla jina langu halijafutwa. Basi nitamnyimaje mwuza miraa haki niitakayo nafsi yangu?

Wahenga walisema, mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Mshitaki avuta, mshitakiwa avuta; hakimu asiyesikia ila upande mmoja hukata shauri kwa nguvu za mvutaji, si kwa haki.

Kwa hiyo, ulisikiapo tena neno lile sokoni, mwulize msemaji swali moja tu: "Stakabadhi umeziona?" Kama hajaziona, amekwisha hukumu bila ushahidi, na asiye na ushahidi, ajapokuwa na hasira ya haki, aweza kumdhulumu mtu.