Je, Msondo Itaendelea?

Hapa Nansio jioni, penye redio iliyowashwa, bado huweza kusikia sauti za Msondo Ngoma. Vijana huniuliza: bendi iliyokwisha wazika waimbaji wake itapiga na kurekodi mpaka lini?

Ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Ikawa JUWATA, kisha OTTU, kila chama kilipobadili jina. Mwanamuziki wake alikuwa mwajiriwa. Mshahara ulimfikia hata ukumbi ulipokuwa mtupu, magitaa yalikuwa ya chama, na nyimbo zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania. Hapo ndipo penye siri ya umri wake. Muhiddin Gurumo alihamia Mlimani Park mwaka 1978, bendi haikufa. TX Moshi William alifariki mwaka 2006, haikufa. Gurumo, aliyekuwa amekwisha kurejea, akafariki mwaka 2014, ikapiga tena.

Lakini tangu iachwe ijitegemee, mshahara ni kiingilio cha mlangoni, na studio hulipiwa. Ndiyo maana mimi huihofia mvua ya Jumamosi kuliko uzee wa waimbaji. Na safari je? Kuja kwetu ni kuvusha spika, ngoma na watu kwa meli kutoka Mwanza, kisha malazi, kwa usiku mmoja wa dansi. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Mzee jirani yangu asema wakija atalipa kiingilio mara mbili. Nimemshauri aanze kuweka akiba.